Tovi Alikuwa na Nguvu ama Alikuwa Anabebwa?

Mama Phelis,

Pole kwa kazi ya kusoma shida za watu, na nakuomba hii yangu usiitupe ukiona inaanza na gemu, najua watu wazima wakisikia gemu wanafunga masikio, lakini mimi kwa hii gemu niko karibu kupoteza bibi kabla hata sijamuoa na sina mwingine wa kuuliza. Naitwa Zack Gekara, ni karani kwa kituo cha kununua majani chai huku Mogogosiek, kazi yangu ni kupima, mkulima analeta majani, nauliza namba, naning'iniza gunia, nasoma kilo, anaenda. Kwetu ni Sotik, wazazi walihamia pale kutoka upande wa Kisii zamani, na mpenzi wangu ni Chepkirui, msichana wa Boito, amesomea ualimu wa chekechea na akingoja kuitwa kazi anachuma chai na kikundi cha akina mama, ile ya kuzunguka, Jumanne hii wote wanachuma kwa huyu, Jumanne ijayo kwa mwingine, na majani yote ya siku hiyo yanapimwa kwa namba ya mwenye shamba.

Sasa Jumapili tukitoka kanisa huwa tunakaa kwa saluni ya dada yangu Judy na tableti yangu tunacheza gemu ya vita vya zamu, sijui kama unaijua, mko na jeshi dogo kwenye miraba kama drafti, unasogeza mtu wako, anapiga, akishapiga amemaliza, anangoja mpaka adui naye asogeze. Shujaa wa hadithi anaitwa Tovi, ndiye amewekwa kwa picha ya mbele na kila mtu kwa hiyo hadithi anamwinamia, lakini Mama nakuambia ukweli, ni mnyonge. Upanga wake haukati kitu. Gemu inamwongezea nguvu yule anayemaliza adui, na Tovi hamalizi mtu, yeye anasimama nyuma anapiga firimbi, na akipiga firimbi mwenzake mmoja aliyekuwa amemaliza zamu anapata kusogea na kupiga tena, basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Mimi huwa nasogeza Brega, jitu la farasi na shoka, na Brega wangu anafagia uwanja, vita ikiisha skrini inaonyesha nani ameua wangapi, Brega ako juu, Tovi ako chini kabisa na sifuri yake. Anayemsogeza Tovi ni Chepkirui, alijichagulia mwenyewe siku ya kwanza na hajawahi kulalamika.

Tulicheza hivyo karibu mwaka mzima tukafika vita ya mwisho, na hapo gemu inakuuliza nani anaenda na nani anabaki kulinda kambi, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma. Ilikuwa Jumanne, siku yangu ya mapumziko, Chepkirui ako na kikundi, nikaona wacha nimalize nimfurahishe, nikamwacha Tovi kambini nikachukua jitu lingine la kushika nafasi yake. Tukapigwa. Brega alikimbia mbele akazungukwa akafa, nikarudia akafa tena, nikarudia tena ikawa ni hiyo hiyo, sijui ni bahati mbaya gani hii, mpaka leo sijavuka.

Jumapili Chepkirui akashika tableti akaangalia, akaniuliza, "Zack, Tovi ako wapi?"

Nikamwambia nimemwacha kambini.

"Kwa nini?"

"Si unajua, huyo mtu alikuwa anabebwa tu."

Mama, hakupiga kelele. Aliweka tableti kwa kiti, akachukua sweta yake, akasema, "Sawa. Basi waambie wazee wenu wasije kwetu, mpaka mtu wa nje, asiyetujua, aseme kama Tovi alikuwa na nguvu ama alikuwa anabebwa." Akaenda. Sasa hashiki simu yangu.

Na hao wazee, ni wazee wa koito, ile siku ya familia yetu kwenda kwao kumposa, tarehe imeshapangwa, mjomba wangu Gichana ndiye atasema kwa niaba yetu na mama yangu ameshashona nguo. Hata baba yake, mzee Hezekiah, ambaye mwaka jana hakutaka kusikia habari ya mkwe kutoka nje ya kabila, siku hizi ananisalimia kwa mkono na kuniuliza habari za Sotik, sijui nani alimbadilisha, nikasema Mungu amefungua njia. Na sasa njia inafungwa na gemu!

Sijamkosea mahali pengine. Kuna siku tu hapo nyuma alileta majani na mama yake, kagunia kadogo hivi, nikamtania mbele ya foleni, nikasema, "Chepkirui, kwani nyinyi kwenu mnachuma ama mnapiga picha?" Watu wakacheka na yeye akacheka. Ilikuwa mchezo, na najua kilo zao zilishuka kwa sababu zamu ya kwao alimwachia Elmina, mama mmoja wa kikundi aliyekuwa ametoka kujifungua na majani yake yanakomaa mpaka hayanunuliki, kwa hivyo hakuna ubaya hapo.

Wewe ni mtu wa nje, Mama. Naomba uamue: huyu Tovi ana nguvu ama hana? Ukisema hana, nitamwonyesha gazeti na tutaendelea na mipango. Tafadhali jibu haraka.

Zack, Mogogosiek.

MAMA PHELIS ANAJIBU

Zack, wewe! Unataka niandike kwa gazeti kwamba Tovi hana nguvu, ukate kipande uende nacho Boito ukampungie msichana wa watu usoni? Ai. Keti chini kwanza.

Umeniomba niamue, nami siamui jambo nisilolijua. Kwa hivyo nimeicheza hiyo gemu yenu. Binti yangu Janeffer aliiweka kwa simu yake akanifundisha mahali pa kubonyeza, na wiki nzima hii sufuria zangu zimeungua na wenzangu wa kwaya wameniuliza kama ni mgonjwa. Nimepigwa na adui zaidi ya ninavyotaka mjue. Lakini nimeijua, na jibu lako ninalo.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa upanga, Tovi ni bure kabisa. Nilimpeleka mbele peke yake nione, akaliwa na mbwa mwitu mmoja mdogo. Anayesema huyo ni mpiganaji mkali kwa sababu tu picha yake iko mbele anajidanganya. Hadithi inaweza kumwita mtu bwana mkubwa mpaka kesho, uwanjani utaona mwenyewe anaweza nini. Hapo hatugombani.

Lakini wewe ulimpima na nini? Na ile skrini ya nani ameua wangapi. Wewe kazini unasoma mzani kutwa nzima, na sasa kila kitu kwako ni mzani. Jiulize kwa nini yuko na sifuri. Gemu inampa nguvu anayemaliza adui, umesema mwenyewe. Zamu ambayo Tovi angeweza kumpiga adui akue, aliitumia kupiga firimbi ili Brega apige mara ya pili. Kila pigo la pili la Brega mwaka mzima, lile lililokuweka juu kwa skrini, lilitoka kwa zamu ya Tovi. Likaandikwa kwa Brega. Nilimcheza Brega wako bila firimbi: anakimbia mbele, anaua mmoja, halafu anasimama hapo katikati ya maadui kama ng'ombe aliyesahau njia ya kurudi. Ukiwa na firimbi, anaua, anarudi nyuma, anapona. Yaani hilo jitu lako lilikuwa hai kwa sababu kuna mtu nyuma yake. Halafu unaniambia bahati mbaya. Bahati, Zack! Umemwacha kambini aliyekuwa akikutoa mle ndani, umekufa mara tatu kwa namna ile ile, na bado unatafuta mchawi.

Ukitaka kujua nguvu ya mtu kwa gemu kama hiyo, mtoe, uone ni nini kinaanguka. Wewe ulimtoa. Ikaanguka vita nzima. Sijui unataka ushahidi gani tena, na cha kushangaza ni kwamba ushahidi huo uliniandikia wewe mwenyewe.

Kwa hivyo uamuzi wa mtu wa nje ni huu: Tovi alikuwa na nguvu, na aliyekuwa anabebwa ni Brega. Kata hicho kipande, weka kwa mfuko.

Sasa tuache gemu, maana Chepkirui aliiacha zamani. Nimesoma barua yako mara mbili na kila nikifika mahali fulani nataka kukuvuta sikio. Wewe ni karani wa chai. Watu wote wa nchi hii ya chai, hata mtoto, wanajua majani ya kikundi yanaingia kwa namba ya mwenye shamba la siku hiyo. Aliyeinama kutoka asubuhi kwa shamba la jirani, jina lake halisomwi popote. Wewe unalijua hilo kuliko sisi wote. Unajua pia kwamba Chepkirui alimpa Elmina zamu ya kwao, majani ya mama yake yakakomaa kwa miti, akaja kwako na kagunia kadogo. Na ukijua yote hayo, ukasimama mbele ya foleni ukamuuliza kama kwao wanapiga picha. Unasema alicheka. Angefanya nini, alie mbele ya majirani na mama yake amesimama hapo? Alimeza uchungu kwa ajili yako. Alikuwa anakupa nafasi nyingine, kama anavyokupa kila Jumapili.

Halafu anakuja saluni kwa Judy, anakuta yule aliyemsogeza kwa mkono wake mwaka mzima umemwacha kambini bila hata kumuuliza, na unamwambia kwa mdomo wako kwamba alikuwa anabebwa. Mtoto wa watu aelewe nini hapo? Anaingia kwenu kuwa bibi, atafanya kazi ambazo hazisomwi kwa mzani, na wewe ndiye karani. Mimi pia ningechukua sweta yangu.

Na kuna jambo moja limenikera kuliko yote. Unaandika kwamba mzee Hezekiah, aliyekuwa hataki kukusikia, sasa anakusalimia kwa mkono, na hujui nani alimbadilisha. Hujui? Kweli, Zack? Kwa nyumba hiyo ni nani mwingine ana haja na wewe mpaka akae na baba yake jioni baada ya jioni akikutetea, akinyamazishwa, akianza tena? Mungu alifungua njia, ndiyo, na aliifungua kwa kinywa cha mtu. Brega hakwenda Boito kuongea na huyo mzee.

Chepkirui, binti yangu, najua utalisoma hili. Wewe pia nina neno lako, ingawa ni fupi. Ulikuwa na haki ya kuumia lakini ulimpa kijana fumbo, na huyu, kama umesoma barua yake, si mtu wa mafumbo. Uliumia pale kituoni, ungemwambia pale kituoni, ama hata kesho yake. Ukianza ndoa kwa kumeza na kunyamaza utameza mengi sana. Mwambie wazi wazi, hata kama ni kwa hasira.

Zack, sasa fanya hivi. Usitume mjomba Gichana, usitume Judy, na usitume ujumbe wa simu. Jumanne ni siku yako ya mapumziko na ni siku ya kikundi. Amka, vaa gamboti, chukua kikapu, nenda Boito. Tableti iache nyumbani. Uliza wanachuma kwa nani siku hiyo na uingie kwa hilo shamba, hata kama ni la mtu usiyemjua. Akina mama watakucheka, karani amekuja kuchuma, watakuita kila jina. Wacha wacheke. Ulimpa Chepkirui foleni nzima ya kumcheka, na wewe leo pata yako. Chuma majani mawili na kichipukizi kama mtu anayejua kazi, usichume takataka, mpaka wakiondoka nawe uondoke. Kikapu chako kikipimwa, kitapimwa kwa namba ya mwenye shamba, na karani mwenzako hatakutaja. Sikia vile mtu anahisi.

Njiani mkirudi, kama atakubali utembee naye, mwombe msamaha kwa habari ya ile foleni kabla ya kutaja gemu. Mtaje Elmina. Mtaje baba yake. Umwambie umejua ni nani alifanya ile kazi. Usieleze sana, usijitetee, na usiseme ulikuwa unatania.

Gemu mtaianza upya mkipatana, kutoka vita ya kwanza, na safari hii wewe ndiye utamsogeza Tovi. Mwachie Brega. Utakaa chini ya skrini na sifuri yako mwaka mzima.

Kama koito itakuwako siku ile mliyopanga, siwezi kukuahidi, na usimuulize siku hiyo ya Jumanne. Mwambie tu, "Mimi ndiye nilikuwa nabebwa." Kisha nyamaza, Zack. Ni zamu yake.