Mtungi wa Asali kwa Mwenyekiti

Setif, 19 Juni

Baba,

Assalamu alaikum. Goti la Mama linaendeleaje? Simu zako sizipokei kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Jana nilitetea mradi wangu wa mwisho chuoni, ule wa nyufa za madaraja. Wewe ulibaki na mizinga yako ya nyuki. Mama alikuja na sinia za vitamu vya baklava kama mama wa kila mwanafunzi. Hiyo ni desturi, sina neno. Lakini mwenyekiti wa watahini alifungua kikao hivi: "Huyu ni binti wa Mzee Lakhdar, yule wa asali." Wakacheka. Hawakuniuliza swali hata moja la maana. Wakanipa alama kumi na nane kati ya ishirini! Rafiki yangu Munira akaninong'oneza, "Shoga, nyuki wa baba yako wamefaulu."

Nani alikutuma umpelekee mwenyekiti mtungi wa asali?

Mwanao,
Wasila

Barika, 25 Juni

Binti yangu,

Wa alaikum salaam. Goti la mama yako linauma. Mimi kinachoniuma ni wewe.

Nani alinituma? Siku ya mtihani wa sekondari ulizimia mlangoni, nikakubeba. Kwenye posa ya dada yako uliombwa maneno mawili tu, sauti ikakwama. Nakujua. Mwingine angembusu baba yake mkono. Kazi ya manispaa nimeshakuombea, unaanza Jumapili ofisi zikifunguliwa. Acha jeuri.

Baba yako

Setif, 8 Julai

Baba,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima. Jumapili imepita na sikuja.

Nilirudi kwa watahini nikaomba waniulize upya. Mwenyekiti akasema, "Kumi na nane hazikutoshi? Una wazimu?" Kati yao Daktari Nasima peke yake ndiye aliyekubali, akafunga mlango. "Haya, binti, nijibu." Hakunihurumia. Safari hii sauti haikukwama. Maswali mawili yalinishinda. Mwishoni akasema, "Mimi ningekupa kumi na nne."

Hizo ndizo zangu. Cheti kinasema uongo, na uongo huo ni wako.

Nina usaili wa kazi Oran. Jina la kampuni sikwambii.

Mwanao,
Wasila

Barika, 20 Julai

Wasila,

Salamu. Hasira ninazo bado. Manispaa wamenicheka, nafasi wamempa mwingine. Mama yako anasema miaka mitano sikuwahi kukuuliza unasoma nini. Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Hayo maswali mawili yaliyokushinda ni yapi? Niandikie.

Baba yako