Nusu Yako ya Yai

Kulwa, kaka yangu,

Leo mchana nimekula rameni. Ile ile uliyokuwa ukiitolea macho kwenye banda la video pale Nyarugusu, Wajapani wakivuta tambi kwa kelele, nawe ukinigonga kiwiko: "Doto, ipo siku na sisi tutakula ile."

Tangu duara, lile shimo letu la dhahabu, likuangukie kule Rwamgasa, sijala nikashiba. Unajua mayu alivyotulea sisi mapacha wake: bakuli moja, na mmoja hatoi mkono bakulini kabla mwenzake hajatosheka. Hadi leo anapakua kwenye bakuli lile lile. Nikifika nusu, mkono unagoma. Ya kwako inapoa, naye anaiondoa, anawamwagia kuku. Suruali nafunga kwa kamba. Kiroba cha mawe sikiwezi tena. Jana mayu alinishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana, akasema, "Doto, nimeshazika mmoja. Usinichimbishe kaburi lingine."

Nitamwambia nini, Kulwa? Kwamba najaribu, na kila tonge naliona ni lako?

Asubuhi nikapanda gari la Geita mjini. Kuna dada mmoja, Nyamizi, alikuwa akipika hotelini Mwanza, sasa kafungua mgahawa karibu na stendi na anapika hiyo rameni. Nilijiambia kwamba chakula ambacho hatujawahi kula pamoja labda hakitakuwa na nusu yako.

Kikaja, mvuke unanipiga usoni. Mchuzi wa mifupa, tambi, majani ya vitunguu, nyama ya kitimoto iliyolainika mpaka inakatika yenyewe. Halafu nikaliona yai. Limekatwa katikati, nusu mbili zimelazwa pamoja. Nikalia mbele ya watu. Nyamizi akadhani ni pilipili, akaniletea maji.

Nikala. Vijiti vilinishinda, tambi zikaniangukia shatini, ungenicheka wewe. Nikaomba uma, nikavuta kwa kelele kama wale wa kwenye video. Na ilikuwa tamu, Kulwa. Hilo ndilo linaloniua. Mwili wangu ulifurahi wakati wewe uko chini ya udongo, nikauchukia.

Nilipofika nusu, mkono ukagoma. Nikakaa naitazama nusu yako ya yai. Watu waliokuja kula wakamaliza, wakaondoka. Nyamizi akauliza kama anifungie. Nilitaka kumwambia ndiyo, ni ya kaka yangu. Lakini ningeipeleka wapi? Kaburini wangeila mbwa.

Nikavikumbuka vidole vya mayu. Nikala nusu yako. Ilikuwa imepoa, mafuta yameanza kuganda, na bado ilikuwa tamu. Nikanywa mchuzi wote mpaka nikakiona kitako cha bakuli. Nilikuwa nimesahau kuna kitu kinaitwa kushiba. Njiani kurudi nililia tena, abiria wa pembeni akanifungulia dirisha.

Sijui nitaishije bila wewe, sitakudanganya. Ila kesho mayu atapakua, na nakuahidi nitakula ya kwangu, kisha nitakula na ya kwako, hata kama ni kwa machozi, ili kuku wake wakose. Sitaweza peke yangu. Mimi siwezi kutangulia kutoa mkono, sijawahi.

Utoe wewe, kaka. Umeshashiba.

Pacha wako,
Doto