Mabua Yaliyojaa Horini

Kilosa, Jumapili ya pili ya Majilio

Sijui kesho nitamwamkia mama mkwe kwa uso gani.

Niliwaambia wanangu, kila wakitenda jema waweke bua moja la mpunga kwenye hori la pango letu la Krismasi, Mtoto Yesu apate pa kulala. Leo tumetoka misa, nakuta hori limefurika! Nikamwita Neema, kitindamimba wangu.

"Mema yote haya ni yako?"

"Ndiyo, mama. Kila ukimsema bibi, nisipomwambia naweka moja."

Mama mkwe alikuwa pale pale mlangoni, anapepeta mchele. Ungo ukatulia.

"Niwekee na yangu, mjukuu wangu," akasema. "Mimi huwa nasikia."