Kilio cha Dada Mwanaidi

Mjukuu wangu Salma,

Sie huku Keko wazima, na goti la babu yako limepoa. Unauliza kwa nini niliacha kuongoza filamu wakati jina langu linapanda.

Tulikuwa Kimbiji, dada yangu Mwanaidi akiigiza mjane. Mwenyewe alikuwa amefiwa na mumewe kweli. Alipolia, nilijua si maigizo tena. Mpiga picha akanitazama. Nikamwambia, "Endelea."

Filamu ilipooneshwa Manzese, watu walishangilia. Dada akaniuliza, "Uliniona mie pale, au uliona picha tu?"

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini sikuweza tena kumwambia mtu alie.

Hadi leo, filamu ile ikioneshwa kwenye televisheni, natoka nje kuzungukazunguka uani. Dada hubaki ndani, akiitazama mpaka mwisho.

Bibi yako anayekuwaza