Anwani Niliyomtumia Mwanakandarasi

Jumanne, Pipeline.

Mwanakandarasi anayetafuta fundi wa vigae amefungua anwani ya tovuti niliyomtumia, akanijibu, "Fundi, mbona hapa hakuna kitu?"

Nilikuwa nimeandika amri moja kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri katika laptopu, tovuti yangu ikafunguka, na picha zote za vigae nilivyoweka. Nikamtumia anwani iliyotokea.

Jirani yangu Mutua, karani, amecheka hadi akaketi. "Wafula bwana! Hiyo anwani maana yake ni 'mashine hii hii': kwako inafungua yako, kwake inatafuta ndani ya yake. Umemkaribisha mtu kwako, ukampa anwani ya nyumba yake!"

Nimecheka pia. Lakini kesho asubuhi mwanakandarasi anachagua fundi, na kazi hii ikiniponyoka narudi kubeba mawe.

Nitaibeba laptopu yenyewe hadi kwake mtaani Umoja kabla hajachagua. Betri hudumu dakika kumi. Sitaiwasha mpaka anifungulie mlango.