Hatukukunyamazia Dakika Hata Moja

Mwaitu Nduku, mama wa ukumbi wetu,

Walitaka kukunyamazia dakika moja. Wewe, uliyemwambia padri usoni kwamba kimya ni cha mawe na wezi.

Nakuandikia nikiwa bado na hasira. Ulizoea kusema hasira yangu ni kama bisi, haikubali kukaa sufuriani. Basi imeruka tena, na safari hii sina wa kunirudishia kifuniko.

Tangu tukuzike kule Kithimani, Mutiso ndiye mwenyekiti wa wadhamini wa kikundi chetu cha sanaa. Si mtu mbaya, nalisema hilo kwa meno yaliyoumana. Anajitolea bila malipo kama sisi wengine, anakuja na gari lake kutoka Syokimau. Kosa lake la kwanza lilivaa nguo za adabu: alitoa mikutano ukumbini akaipeleka hoteli moja ya Lukenya, eti tuweze kusikilizana.

Unakumbuka wewe ulivyotukutanisha? Mabenchi mawili pembeni mwa ukumbi, jioni ya mazoezi, akina mama wa ngoma ya kilumi wakiipiga karibu na magoti yetu. Mdhamini mwenye neno alisubiri ngoma zipumue, akalisema, na zikianza tena awe amemaliza. Nilikuchukia kwa hilo. Mimi niliyezoea kuwararua wanasiasa gazetini aya baada ya aya, ukanipimia pumzi moja kati ya wimbo na wimbo. Nilipolalamika ukasema, "Neno likikosa kuingia hapo, mwanawakwa, si neno. Ni upepo."

Lukenya upepo ulikuwa mwingi. Zulia nene, birika linalong'aa, na maneno yakitandikwa kama mashuka: kuboresha, kuhuisha, ushirikiano wa kimkakati. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wadhamini wenzangu wanataka kukodisha ukumbi wote kwa chuo cha kompyuta, na akina mama "watafutiwe nafasi mbadala". Wapangaji wa zile ghorofa mpya za jirani wamechoka na kelele. Kelele, Mwaitu. Ukumbi ambao wanawake hao hao walibebea maji ya kufyatulia matofali yake kabla ghorofa hizo hazijaota. Nikapinga kwa hotuba nzuri sana, nikashindwa vizuri sana. Ukabaki mkutano mmoja wa kupiga kura ya mwisho.

Nikaomba kitu kimoja: ufanyike ukumbini, jioni ya mazoezi, kwa heshima yako. Nani angethubutu kumnyima marehemu heshima?

Wadhamini walikuja wamevaa suti. Mutiso akasimama, akainua mkono, akaomba tukukumbuke kwa dakika ya kimya. Ndinda, yule uliyemfundisha ngoma ukimgonga vidole, alimtazama kama mtu aliyeambiwa auze mama yake.

"Chairman," akasema, "Nduku hakuwa mtu wa kunyamaziwa."

Akapiga. Wakapiga wote. Vumbi la dari likazishukia suti.

Mutiso akafungua mdomo, akaufunga, akasubiri. Ngoma zilipopumua akaanza, "Katika mpango wetu wa kuboresha," zikammeza. Zilipopumua tena, "Kwa kuzingatia maslahi ya," zikammeza tena. Akina mama wakaanza kucheka.

"Wee Mutiso," Ndinda akapaza sauti, "hiyo kitu si ufupishe? Mimi niko na muthokoi kwa jiko."

Mara ya tatu, laiti ungeuona uso wake. Alikuwa amebambua maneno yote yaliyozidi, na lililobaki ilibidi alitamke mbele ya watu lililowahusu.

"Tunawatoa," akasema, kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyepiga. Kimya hicho hakikuwa chako, Mwaitu. Kilikuwa chake.

"Mnatutoa tuende wapi?" Ndinda akauliza.

Mutiso akaomba wanaounga mkono mpango wainue mikono. Mkono wake mwenyewe haukuinuka, na wengine, walipoona hivyo, wakaacha mikono yao mapajani. Mpango ukaanguka.

Najua haujafa. Wapangaji bado wanalalamika, chuo bado kinatafuta ukumbi, na maneno ya Lukenya yatarudi yakiwa na mashuka mapya. Yaje. Mabenchi yako tumeyarudisha pembeni, na mikutano iko pale pale hadi mtu atupate tukiwa tumekufa juu ya mabenchi hayo. Sikutetei kwa sababu umekufa, maana uliponikera ulinikera kweli. Nakutetea kwa sababu ulikuwa sahihi, na inaniuma kwamba nimekiri wakati huwezi kunicheka.

Siku zote nimebishana gazetini na watu wasioweza kunijibu mara moja. Sasa Ndinda amenipa ngoma ndogo, anasema napiga kama mtu anayebisha mlango kudai deni. Nitajifunza. Nakuahidi hili tu: mradi mikono yangu inainuka, hakuna atakayelitumia jina lako kuzima ngoma.

Kwaheri, Mwaitu. Pumzika, lakini kati ya wimbo na wimbo tu.

Mwanao mbishi,
Kioko