Tofali Bichi la Pasikali

Kibondo, 9 Juni 2013

Mdogo wangu Ildefonsi,

Pokea salamu za huku kwenye baridi na vumbi. Mimi mzima, shemeji yako mzima, mgahawa unakwenda, na wateja wa stendi wanakula huku wanalalamika kama kawaida yao. Mgongo wako vipi? Wifi na watoto je? Uniambie ukweli. Usiniandikie kwamba mnaendelea vizuri halafu mengine nije kuyasikia kwa makondakta.

Neno langu la leo si la simu. Nikipiga simu hapa mgahawani, wote wanaacha kutafuna ili wasikilize. Ndiyo maana nimeandika.

Nimesikia Pasikali anaumwa, miguu imejaa maji na hatoki ndani. Aliyeniambia alidhani nitasikitika. Nilicheka mpaka samaki wakaungua. Mungu anisamehe, ila asiharakishe, maana sijamaliza kufurahi.

Sasa sikiliza. Wewe ndiye mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana hapo Matanuru. Bila neno lako hakuna mtu anayegusa ardhi. Siku Pasikali akikata roho, neno lako liwe moja tu: asiwepo wa kushika jembe. Wanawe wachimbe wenyewe, na mtaa mzima ukae vibarazani uangalie.

Najua utasema ulikuwa mdogo. Basi nikukumbushe. Pasikali alikuwa nyapara, baba mfyatuaji wa matofali. Tajiri alileta lori, akataka matofali siku hiyo hiyo. Baba akasema tanuru bado lina moto, tusubiri. Pasikali akamwambia, "Wewe Mrundi, unaogopa joto? Panda." Akapanda, na tanuru likamwangukia. Jioni ile Pasikali akamwambia tajiri kwamba Ntirampeba alipanda mwenyewe, amelewa. Baba yetu, ambaye hata togwa iliyochachuka alikuwa anaikataa!

Na ili watu wasije wakaongea msibani, akatangaza kwamba atakayeshika jembe kwa Ntirampeba asionekane tena kazini. Wakatii wote. Wanaume wa Matanuru walikaa majumbani mwao wakiwa na majembe mlangoni, na kaburi la baba tukalichimba mimi na mama. Wanawake. Ulishawahi kuona wanawake wanachimba kaburi hapo Kasulu, kabla au baada?

Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Ni mimi dada yako,
Immakulata


Kasulu, 30 Juni 2013

Shikamoo dada,

Barua nimeipata, ilinuka samaki mpaka watoto wakaulizana kuna nini. Sisi hatujambo. Mgongo unauma asubuhi, jua likipanda unaacha. Wifi yako anakusalimu, anasema unga wa muhogo wa mwaka huu ni mweupe kama unavyoupenda.

Dada, sijasahau. Nakumbuka mengi kuliko unavyodhani. Nakumbuka tukikanyaga udongo kule bondeni, wewe ukinishika mikono nisianguke. Nakumbuka viazi tulivyokuwa tunavichoma kwenye mdomo wa tanuru, na baba akijifanya hatuoni. Nakumbuka tulivyokwenda shule na miguu myekundu isiyotakata, mwalimu akituita "matofali", na wewe ukampiga kwa kifutio yule mtoto aliyecheka. Moshi ulikuwa kwenye nguo, kwenye maji, kwenye ugali. Mimi mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi nasikia njaa.

Na siku ya maziko naikumbuka. Unajua desturi ya hapa: kila mfyatuaji huleta tofali moja la kuchoma, la mkono wake mwenyewe, na kaburi linajengewa kwa matofali ya watu wote. Baba hakuletewa hata moja. Nakumbuka mimi na wewe tulikwenda kwenye kibanda chake tukachukua matofali aliyokuwa ameyaanika, mabichi, tukampangia juu. Mama alituacha tu. Mvua zilipokuja yakayeyuka, yakarudi tope. Leo nikienda pale kwenye mikaratusi ninakisia tu, labda hapa, labda pale.

Kwa hiyo usinifundishe kuchukia. Ila Matanuru ya sasa si yale. Hawa vijana wa chama hawamjui baba. Nikisema tumsusie Pasikali, wataniuliza kwa nini, na itabidi niwataje baba zao waliokaa majumbani. Nitamsusia nani, nitamwacha nani?

Kingine. Mwanawe mkubwa, Makarius, amekuja kuniita. Anasema mzee anataka kuniona. Sijakwenda bado.

Mdogo wako,
Ildefonsi


Kibondo, 14 Julai 2013

Ildefonsi,

Salamu. Sisi wazima. Sina maneno mengi ya hali.

Usiende. Anataka umwambie "yamepita, mzee" ili afe usingizini. Asife usingizini. Na wakikuletea pombe ya ndizi, hata kama ameonja yeye kwanza kukutoa wasiwasi, usiweke mdomo kwenye mrija. Ukinywa chungu kimoja na mtu huyo umemaliza kesi, na kesi si yako peke yako. Mimi ndiye niliyekuwa chini shimoni, mama akinipokea udongo kwa karai. Nilikuwa bado sijavunja ungo, Ildefonsi. Wanaume waliotoka nje walipita na baiskeli zao, wakatazama pembeni.

Unauliza utawaambia nini vijana. Waambie hivyo hivyo. Wataje baba zao mmoja mmoja. Aibu haijawahi kumuua mtu, na kama inaua, basi imechelewa wapi?

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Safari hii nguruwe ni yeye.

Dada yako,
Immakulata


Kasulu, 3 Novemba 2013

Shikamoo dada,

Natumaini mvua za Kibondo zimewafikia kwa heri. Hapa zimeanza, matanuru tumeyafunika kwa nyasi na mabati. Watoto hawajambo. Nimekaa muda mrefu bila kukujibu, na unajua nikinyamaza ni kwamba kuna jambo.

Nilikwenda. Nisikilize kabla hujachana barua. Pombe sikunywa, ilikuwepo na sikunywa. Nilikaa mlangoni. Pasikali amekwisha, amebaki macho tu. Nilingoja aombe msamaha, nikawa nimeshaandaa la kumjibu. Hakuomba. Aliwaita wanawe wote, akanyoosha kidole kwangu, akasema:

"Huyu na dada yake, siku nikifa, wasishike jembe kwenye kaburi langu. Mtoto wa Ntirampeba asinichimbie. Mmesikia?"

Makarius akasema, "Baba, huyu ndiye mwenyekiti."

Akasema, "Achimbe mwenyekiti mwingine. Sitaki kulala kwenye shimo la mkono wao. Watu watanisema mpaka vitukuu."

Dada, nilitoka pale. Njiani ndipo nikaelewa. Haogopi kususiwa. Akisusiwa, watu watamwonea huruma, watasema maskini mzee wa watu, kazikwa na wanawe kwenye mvua. Anachoogopa ni sisi tumzike. Anaogopa watu wa Matanuru waone wale aliowanyima jembe wakimshikia jembe.

Sijui nifanye nini na hilo. Nimekwambia kwa sababu ni lako pia. Tafadhali usije na hasira. Hali yake ni ya leo au kesho.

Mdogo wako,
Ildefonsi


Kasulu, 16 Februari 2014

Shikamoo dada,

Hamjambo huko? Sisi tunamshukuru Mungu. Najua unajiuliza kwa nini nimekaa kimya tangu maziko ya Pasikali. Uliondoka bila kuaga, na mimi nilikuwa sijui nianzie wapi. Makondakta wananiambia uko mzima na unacheka sana siku hizi, nikasema haya.

Niruhusu nikueleze yale ambayo hukuyaona, kwa kuwa ulikuwa umeinamia chini.

Uliposhuka kwenye basi na kuja moja kwa moja makaburini, vijana walikuwa ndio kwanza wanapima. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, natii amri ya marehemu kama mjinga. Ukapita katikati yao ukawasalimu, "Mwakeye." Ukamnyang'anya mmoja jembe. Mdogo wake Pasikali akaja mbio akisema, "Mama, marehemu alikataza!" Ukamjibu, "Maiti haulizwi sanda, wala hachagui wa kumchimbia." Ukavua viatu ukaanza.

Wewe ulikuwa unachimba. Mimi nilikuwa naangalia wazee. Wale wale, dada. Wa baiskeli. Mmoja alivua kofia akaishika kifuani kana kwamba maiti ni yeye. Mwingine alitaka kukupokea jembe, ukamwambia, "Wewe ulipumzika mara ya kwanza, pumzika na leo." Nilisikia kijana akimwuliza baba yake, "Huyu mama ni nani? Kwa nini mwanamke anachimba?" Na baba yake akamwambia yote, pale pale, kwa sauti ya chini, kwenye mvua. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua, wenye umri na wasio na umri. Sikuhitaji kumtaja mtu.

Nikaja nikashuka shimoni nawe. Hilo uliliona. Ulinitazama ukaniambia umechelewa. Kweli nilichelewa.

Halafu matofali. Watu wakapita na matofali yao ya kuchoma, mekundu, yanalia yakigongana. Na wewe ukatoa la kwako kwenye kitenge. Sijui ulilifyatua wapi, sijui ulilibebaje kutoka Kibondo bila kuvunjika. Ukaliweka kichwani kwake, tofali bichi. Hapa hakuna mtoto asiyejua tofali bichi linafanywa nini na mvua. Mjane aliinama akafunika uso. Hata padri, ambaye si mtu wa hapa, alifunga kitabu chake.

Nitakuambia ukweli: nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikala ugali wa watu wawili.

Sasa mengine. Lile tofali limeyeyuka. Nilikwenda kuangalia Jumapili, limeteremka kwenye matofali ya wengine likayachafua yote, kaburi zima lina michirizi ya tope. Makarius hakulifuta. Nilimkuta pale amekaa. Akaniambia, "Kaka, baba alituficha. Sisi tulikua tukidhani mzee Ntirampeba hakuzikwa na watu kwa sababu alikuwa mlevi." Nikamwambia baba hakuwa mlevi. Akasema, "Sasa najua."

Wiki iliyofuata akaja na mkokoteni umejaa matofali ya kuchoma, ameyafyatua mwenyewe, hakuchukua ya vibarua wake. Akasema nimwonyeshe kaburi la baba alijengee. Nikampeleka kwenye mikaratusi. Tukasimama. Sikuweza kumwonyesha, dada. Nilinyoosha kidole hapa, nikasogeza pale. Yule mtu mzima akalia, na mimi nikalia. Mwishowe tukayapanga pale ambapo moyo wangu uliniambia. Kama si penyewe, baba ataona tulikuwa karibu.

Tulipomaliza akapiga magoti mbele ya watu waliokuwa wanapita, akasema maneno haya, nami nimeahidi kuyafikisha: "Siku mtakayoondoka, wewe na dada, popote mtakapokuwa, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kushika jembe. Hata kama ni Kibondo nitakuja kwa miguu."

Nimemkubalia kwa upande wangu. Tulikunywa chungu kimoja. Upande wako nimemwambia nitakuuliza.

Njoo Pasaka, dada. Watoto wanataka umwone ndama wetu mpya. Tutakupeleka kwa baba, ukaone palivyo pazuri.

Mdogo wako,
Ildefonsi


Kibondo, 2 Machi 2014

Mdogo wangu Ildefonsi,

Salamu kwa wifi na watoto. Mgongo uukande kwa maji ya moto na chumvi, acha dawa za vichupa. Mimi mzima. Malengelenge ya jembe yamepona, yameacha sugu, naikuna nikikosa usingizi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nimekaa. Hapo kwenye mzee wa kofia nilicheka tena. Hapo kwenye mikaratusi sikucheka. Umefanya vizuri kumjengea baba. Sina neno na matofali.

Tofali lile nililifyatua uani kwangu, usiku wa siku niliyopata barua yako ya Novemba, kwa udongo wa hapa. Nililikausha jikoni karibu na sufuria za wateja. Mume wangu aliuliza ni la nini, nikamwambia ni zawadi ya mgonjwa. Nilidhani nikiliweka nitakuwa mwepesi. Nilikuwa mwepesi mpaka basi la kurudi lilipofika Makere, kisha nikaanza kuwaza kwamba alikufa bila kuniona nikilishika. Hilo ndilo ninalomdai, na hawezi tena kunilipa.

Pasaka sitakuja. Ulikunywa chungu kimoja na nyumba ile; ni mdomo wako, siugombei. Nakupenda hata hivyo, usije ukalia.

Kuhusu Makarius, umenitaka jibu, na jibu ni hili. Mwambie mbele ya wanao, ili siku ikifika wakumbuke, na uwasomee barua hii kama itabidi:

Siku nikifa, mtoto wa Pasikali asishike jembe kwenye kaburi langu. Sitaki kulala kwenye shimo la mkono wao.

Dada yako,
Immakulata